Kliniki ya tezi kwenye hospitali ya rufaa: bingwa namsifu, mpangilio hapana

Daktari bingwa mwenyewe simlaumu hata kidogo. Nilipompata alinipapasa shingo, akaniambia nimeze mate huku akiangalia, akaniuliza kama nasikia joto kuliko wenzangu nyumbani. Muda mfupi tu, akaelewa kuliko wote walioniambia ni presha au ni mawazo. Malalamiko yangu ni kuhusu kliniki yake, hospitali kubwa ya rufaa Dar es Salaam, ambako nimetumwa kutoka Morogoro kwa tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi. Moyo ulikuwa unakimbia hata nimekaa, mikono inatetemeka, na nilikonda huku nakula kama mpasua kuni.

Foleni watu wameshazoea kuilalamikia, nitaipitia haraka. Kila mgonjwa kwenye benchi ana karatasi iliyoandikwa saa 2:00 asubuhi. Wote saa mbili! Asubuhi hiyohiyo bingwa yuko wodini anapitia waliolazwa, kwa hiyo anafika saa nne au tano. Ukiuliza unajibiwa, "Mama, daktari yupo raundi, subiri." Mimi nimelala Kimara kwa wifi ili niwahi, kumbe ningeweza kunywa chai yangu taratibu.

Kilichoniudhi hasa ni kwamba kila ukirudi unakutana na daktari mwingine. Mara nyingi ni vijana wanaosomea ubingwa, wana heshima, ila wanaanza upya: "Tatizo lako nini, mama?" Na faili nene liko mbele yake. Kwa ugonjwa huu hilo lina madhara. Nilianzishwa kabimazoli, dawa ya kuituliza tezi, na baada ya wiki kadhaa kipimo cha T4, homoni ya tezi yenyewe, kikawa kimeshuka vizuri. Daktari mpya akaangalia TSH peke yake, ile homoni ya ubongoni inayoiamuru tezi na ambayo hushuka tezi ikizidisha kazi, akaona bado iko chini, akaniongezea dozi. Nikaanza kuvimba uso, kusikia baridi na kusinzia mchana. Nilipomwona bingwa tena alitikisa kichwa, akanieleza kwamba TSH inaweza kubaki chini kwa miezi hata dawa ikiwa inafanya kazi, na kwamba miezi ya mwanzo wao wanafuata T4. Akapunguza. Yule kijana angemuuliza mkubwa wake chumba cha pili, nisingepitia yote hayo.

Tena hakuna aliyeniambia jambo la hatari la dawa hii. Aliyenitajia ni mfamasia wa duka la nje, nilikokwenda kwa sababu dirisha la hospitali halikuwa nayo: ukipata homa au koo likauma, acha kumeza, nenda siku hiyohiyo ukapime damu nzima, kwa sababu mara chache dawa hushusha chembe nyeupe za damu. Kitu kama hicho kilipaswa kuandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye kadi ya kliniki.

Vipimo navyo ni kichekesho. Ukitoa damu siku ya kliniki, majibu hayatoki kabla daktari hajaondoka, unapangiwa tarehe nyingine. Nikaamua kupima Morogoro wiki moja kabla. Daktari mmoja akayasukuma pembeni, eti wao wanaamini maabara yao. Mwingine akayapokea bila neno. Kwa hiyo inategemea umeangukia kwa nani.

Sasa naenda kliniki ya jioni, ya kulipia. Jengo ni lilelile, bingwa ni yuleyule, lakini unaandikishwa kwa jina lake na saa yako, na anakumbuka shingo yangu. Bima yangu hailipi ada hiyo, natoa mfukoni, na inaniuma, maana asubuhi kadi yangu inapokelewa vizuri. Mwenye bima na barua ya rufaa asilazimike kununua kumbukumbu ya daktari.

Kwa bingwa natoa nyota tano, kwa kliniki ya asubuhi mbili, na hizo mbili ni za manesi. Ukilazimika kwenda asubuhi, piga picha kila jibu la maabara na kila dozi uliyoandikiwa pamoja na tarehe, kisha umwonyeshe daktari kabla hajaanza kuandika. Na dozi ikibadilishwa, muulize hapohapo ametazama T4 au TSH tu.