Skani ya tezi za mate kwa mgonjwa wa Sjögren: kila kitu kipo kwenye ndimu

Sjögren ni ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia tezi za mate na machozi. Naipenda skani hii kwa sababu inaonyesha tezi ikifanya kazi, si umbo lake tu. Unachomwa dawa ya mionzi, teknetiamu-99m, kwenye mshipa wa mkono. Tezi za mate huivuta kutoka kwenye damu, na kamera ya gama, inayoona mionzi hiyo, inafuatilia kwa nusu saa hivi, kwa kawaida picha moja kila dakika.

Katikati, mara nyingi dakika ya 15 hadi 20, unapewa maji ya ndimu. Hapo ndipo penye kazi. Tezi yenye afya humwaga mate papo hapo na mstari wake kwenye grafu huporomoka. Iliyochoka kabisa haikuvuta dawa tangu mwanzo. Nyingine huvuta vizuri, lakini hata kwa ndimu haitoi.

Omba upewe ndimu kwa mrija au sirinji, bila kuinua kichwa. Ukisogea, tezi inatoka nje ya duara ambalo kompyuta inalihesabu, na unaonekana umetoa mate kumbe umegeuka tu. Ndimu iliyozimuliwa kwa maji mengi haiamshi tezi, hivyo yenye afya itasomeka mbovu. Mate yakidondoka kidevuni nayo yana mionzi, yatang'aa kama tezi ya ziada.

Taja dawa zako zote. Amitriptilini na baadhi ya dawa za mzio hukausha mate, pilokapini huyachochea. Daktari ndiye aseme usimamishe ipi na lini. Ukiwa mjamzito au unanyonyesha, sema kabla ya sindano. Na kama ulitibiwa goita kwa ayodini ya mionzi, sema pia, maana nayo huweza kuziharibu tezi za mate.

Udhaifu mkubwa wa skani hii ni huu: inaonyesha tezi imelala, haisemi kilichoilaza. Vigezo vya 2002 vya kuutambua Sjögren viliikubali. Vya 2016 vya ACR na EULAR, vyama vya madaktari wa baridi yabisi vya Marekani na Ulaya, vimeiacha. Sasa kingamwili za anti-Ro kwenye damu zina alama 3, biopsi ya mdomo (kipande kidogo cha nyama ya ndani ya mdomo) ikionyesha ugonjwa 3, mate yanayotoka bila kuchochewa yasiyozidi mililita 0.1 kwa dakika alama 1, na zinahitajika 4. Anayetafuta jina la ugonjwa aanze na damu na kikombe cha kutemea mate.

Teknetiamu hupungua nusu kila baada ya saa 6, hivyo hutolewa hospitalini kwenye jenereta, si ya umeme bali kifaa maalumu kinachoizalisha. Ulizia kwanza kama ipo na bado ina nguvu. Ukimaliza, dai grafu na asilimia ya kila tezi, usikubali karatasi ya maelezo peke yake.