Mto wa mimba ule wa umbo la U, unastahili hela yake? Maoni ya mama aliyebeba mimba na miaka 41

Wadada ngoja niandike hii maana mi nilipokuwa nautafuta huu mto kila nilichokutana nacho ni tangazo, picha ya mzungu kalala kwenye shuka jeupe anatabasamu basi, hamna mtu wa Dar aliyekaa akasema ukweli joto lake likoje, kitanda kinatosha au hakitoshi, na baba watoto atalala wapi. Nimeulalia tangu tumbo lilipoanza kuwa kubwa mpaka najifungua kwahiyo ninayo ya kusema.

Kwanza mjue anayeongea ni nani. Hii ilikuwa mimba ya tatu, mtoto wa kwanza yuko form three, wa pili la sita, baada ya hapo kimya kirefu na mi nikajua nimeshafunga hesabu, nguo za kichanga nimegawa zote, kitanda cha mtoto kimeenda Morogoro kwa wifi yangu. Siku zangu zilivyokata nikadhani ndo ule umri wa kukoma hedhi umefika, kumbe wapi. Nilicheka na kulia hapohapo chooni kipimo kikiwa mkononi. Mimba za mwanzo nilizibeba nikiwa na ishirini na kitu, nagombania daladala za Tabata mpaka mwezi wa tisa, nabeba ndoo, usiku nalala fofofo. Hii ya 41 jamani ni kama mwili umekaa na daftari la madeni, kila ulichowahi kuufanyia unadai na riba juu.

Kilichonipeleka kwenye mto ni nyonga. Nesi alinielewesha kwamba kuna homoni zinalegeza viungo ili njia ya mtoto ifunguke, sasa ukichanganya na misuli ya tumbo ambayo ilishavutwa na watoto wawili, mzigo wote unaenda kiunoni na kwenye kinena. Kugeuka kitandani ikawa kazi ya kupangilia. Unashika ubao wa kitanda, unabana magoti pamoja maana ukiyaachanisha tu utaita jina la mama yako, unapeleka mabega, yakishafika unapeleka kiuno, halafu unalivuta tumbo kwa mkono lije nalo, ukimaliza unatweta, na hapo mkojo ndo unakumbuka. Bado shavu la mguu linakaza saa tisa usiku unaruka na usingizi wako, bado asubuhi vidole vina ganzi huwezi kufunga hata kifungo cha shati la shule la mtoto. Kiungulia ndo usiseme, nilikuwa nakipata hata kwa maji.

Ila kilichonikosesha amani zaidi siyo maumivu. Nilipofika wiki ya 28 dokta akaniambia kuanzia sasa ukienda kulala lala ubavu, usilale chali, kwasababu mfuko wa uzazi ukiwa mzito unakandamiza ule mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo na damu inayoenda kwa mtoto inapungua. Sasa mi tangu utoto ni mtu wa kulala chali, mikono kifuani, kama nilivyo. Nikawa nashtuka usiku najikuta chali moyo unaenda mbio, naweka mkono tumboni nasubiri acheze, asipocheza haraka naamka nakunywa maji ya baridi nakaa pembeni ya kitanda mpaka anirushie teke ndo napumua. Baadae dokta akanituliza, akasema la muhimu ni ule mkao unaoanzia usingizi, ukishtuka uko chali geuka ulale zako, na kulia au kushoto kote sawa usijitese na kushoto tu. Sawa, nimeelewa, ila nenda kauelezee moyo wa mama wa miaka 41 saa nane usiku.

Ndo nikaagiza. Bei zilikuwa kuanzia elfu 55 mpaka laki na ishirini, Kariakoo kwenye maduka ya vitu vya watoto ukipatana unapunguziwa lakini nani wa kuzunguka Kariakoo na tumbo na lile jua, nikachukua kwa duka la insta elfu 75 na boda elfu 5. Duka silitaji maana sitaki ugomvi. Boda alifika mchana uleule, hapo sina neno. Mto unakuja umefyonzwa hewa ndani ya nailoni umekuwa mdogo hadi unajiuliza kama umeibiwa, ukichana nailoni unaanza kufumuka wenyewe taratibu, urefu karibu mita moja na nusu. Uache juani kwanza kwasababu una harufu ya kiwandani na pua ya mjamzito mnaijua.

Sasa malalamiko. Tangazo lilisema ndani ni memori foam, ile sponji inayobonyea kufuata mwili, nikafungua zipu ndogo ya pembeni nikakuta ni pamba zile nyeupe za kutengenezwa kiwandani, za kwenye midoli, nikamuuliza muuzaji wasap akanijibu "ndo hiyohiyo dia" na kimaua. Siyo mbaya kusema kweli, inabeba uzito, ila inashuka. Sehemu ya magotini ilishaanza kulala mapema ikabidi nifungue nisukume pamba kwa mkono ziende kunako pengo. Kama unanunua dukani bonyeza pale kwenye kona za U kwa nguvu zako zote, ukiachia usiporudi haraka usichukue.

Na foronya! Hiyo ndo kesi kubwa. Imetengenezwa kwa kitambaa cha manyoyamanyoya laini, kwenye picha inapendeza, kwenye joto la Dar la mwezi wa pili TANESCO wakichukua umeme wao na feni imesimama ni adhabu. Nililowa mgongo mzima. Kesho yake nikachukua kanga zangu za zamani zile zilizofuliwa mpaka zikalainika, nikampelekea fundi cherehani wa mtaani akashona foronya yenye zipu ndefu, elfu 10, na tangu hapo ndo mto ukawa mto. Maandishi ya kanga yameangukia upande wa baba watoto, kila asubuhi anaamka anasomewa "mgeni njoo mwenyeji apone", anasema anatukanwa kistaarabu.

Yeye mwenyewe aliupa jina mume mwenza. Kitanda chetu ni futi tano kwa sita, mto ukiingia na mimi katikati, kwake inabaki sehemu ya kulala kiubavu bila kugeuka, kwahiyo kama kitanda chenu ni nne kwa sita jamani msijidanganye, mmoja anahamia sebuleni. Na kuna kitu hamna tangazo litakwambia, CHANDARUA. Mto ni mnene unakisukuma chandarua nje, upande mmoja kinatoka chini ya godoro mbu wanaingia, upande wa pili mkono wako unagusana nacho unang'atwa kupitia matundu, na malaria ya mjamzito siyo ya kuchezea, ndo maana kliniki wanatupa vile vyandarua vya dawa na vile vidonge vya SP vya kukinga malaria, vya kumeza mbele ya nesi. Nilitatua kwa kusogeza mto ndani na kukandamiza chandarua chini ya godoro kwa nguvu zote kabla sijalala, mtoto wa pili ndo alikuwa fundi wangu wa kuchomekea upande wa ukutani.

Haya, unafanya kazi? Unafanya, kwa kile unachoweza. Mguu mmoja wa U unapita katikati ya magoti mpaka kwenye vifundo, nyonga zinakaa sawa, asubuhi nilikuwa nainuka bila kushika ukuta. Tumbo linapata pa kuegemea halining'inii. Mguu wa pili uko mgongoni unakuzuia, ukitaka kubiringika chali unagonga mto, na hii ndo sababu ningeununua tena kesho, siyo nyonga. Nilianza kulala masaa manne mfululizo kwasababu nilikuwa sijilindi tena, kuna kitu kingine kinanilinda. Wale wenye presha ya mawazo wananielewa hapo.

Kiungulia haukitibu hata kidogo, hicho kilitulia nilipoanza kula mapema usiku na kuinua upande wa kichwani. Miguu kukaza pia hausaidii. Mkojo ndo unakuwa vita, umezingirwa huku na huku, umebanwa, giza, unatakiwa upande juu ya ukuta wa pamba huku unabana, wiki za mwisho nikawa naacha upande wa kutokea wazi.

Mama mkwe alipouona alicheka mpaka akakaa. Akasema sisi tumezaa saba kwa kukunja kanga na kuweka katikati ya miguu. Na kanga inafanya kazi kweli sikatai, mito miwili ya kawaida na kanga iliyokunjwa itakufikisha mbali na ni bure, kama hela ni ya mawazo anza na hiyo. Shida yake ukigeuka vyote viko chini na kuinama kuviokota ndo hutaki. Kuhusu ule mkanda wa kushikilia tumbo niliujaribu pia, mchana ukiwa na mizunguko unasaidia mgongo, ila chini ya dera na jasho la kwenye mwendokasi nilikuwa natamani nifike nyumbani tu niuvue.

Kuna upande wa huu mto ambao sikuutegemea. Mimba ya umri huu ina upweke wake. Mtu anakupongeza huku anakuangalia machoni kama anauliza mlipanga au imekuwaje. Kuna sehemu nilikaa foleni ya kliniki binti mmoja mpole kabisa akanisogezea kiti akaniambia mama kaa hapa, umemleta mkwe wako eeh? Nikamwambia nimejileta mwenyewe. Kwenye kadi wamekuandikia umri, na mimba ya mwisho zaidi ya miaka kumi iliyopita, vyote viwili vinaongeza uwezekano wa presha ya mimba, dokta akaniwekea aspirini ile ndogo kwa ajili hiyo, nikanyweshwa glukosi asubuhi bila chai nikatolewa damu kuangalia sukari, kila kipimo kikirudi kizuri unafurahi mpaka foleni ya pili. Huna wa kumwambia kwasababu wenzako wa rika wanaongelea ada za boding na magoti.

Na binti yangu wa form three alininunia. Aliniuliza kweli mama utakuja mkutano wa wazazi hivyohivyo? Sikumjibu. Sasa jioni moja narudi kutoka kuoga nikamkuta amejilaza ndani ya mto wangu na simu yake, nikamwambia nipishe, akasogea tu hakutoka, nikaingia hivyohivyo tukabanana humo ndani, mgongo wake umegusa tumbo, na mtoto akapiga. Akageuka ananiangalia. Akasema kha, huyu ana nguvu hivi? Akaweka mkono, akasubiri, likaja teke lingine. Kuanzia siku hiyo akawa anakuja kila jioni anasema amekuja kumsalimia, anaharibu pamba zangu na mi simfukuzi.

Nikumbushe kitu kimoja kwa wenzangu wa umri, mto usikubembeleze ukapuuza mambo. Kichwa kinachouma hakiachii, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba ghafla, maumivu makali juu ya tumbo chini ya mbavu, damu, maji kutoka, au mtoto kapunguza kucheza tofauti na kawaida yake, hapo usipange mito uone kama itatulia, nenda hospitali usiku huohuo. Na ukishajifungua mto unafaa kuegemea ukinyonyesha, nimeutumia sana, lakini kichanga asilazwe humo hata dakika akiwa peke yake, ni laini anaweza kuzama akakosa hewa. Nimeona watu wanapiga picha watoto wamelala ndani ya U wanapost, inanitoa roho.

Kwahiyo mto wenyewe naupa nyota nne, foronya yake nyota moja, muuzaji mbili na hizo mbili ni za boda. Ukinunua hesabu bei ya mto jumlisha foronya ya kanga au ya shuka la pamba, bila hiyo hujamaliza. Uchukue mimba ikiwa na wiki ishirini na kitu, usisubiri mwezi wa tisa utaufaidi siku mbili. Kufua, pamba ya ndani usiiloweke maana haikauki wiki nzima, fua foronya tu mto uanike jua. Wanaoniulizia inbox kama nauza, siuzi, mdogo wangu wa Mbagala kashamtuma mtu auchukue, yeye ana miezi mitano.