Jambia lisilo na nembo: achana na makali, tazama ala

Haya, karibuni tena, tupo hapahapa Mtwara, na leo nimekasirika. Hili jambia mezani halina jina la fundi, halina mwaka, halina nembo yoyote. Mzee mmoja wa Mikindani ameniazima nilichambue. Aliyemuuzia alimwambia ni la Wareno. Wareno! Jamani, hata kwenye chaneli nyingine kila chuma chenye kutu cha pwani hii ni cha Vasco da Gama. Hapana.

Urefu na uzito mnauona wenyewe. Twende kwenye ala, hiki kifuko cha kuchomekea jambia. Sogeza kamera. Ona inavyoshuka, halafu inakata kona ghafla, karibu digrii 90. Sasa nalichomoa jambia, nalilaza juu ya ala yake. Mmeona? Chuma chenyewe hakijapinda hivyo! Kinaishia pale kwenye kona, na kile kipande kirefu cha mbele hakibebi kitu, ni pambo tupu. Ngoja nirudie taratibu, maana hapa ndipo nilipolipenda. Chuma... ala... chuma... ala. Huo ni ufundi wa Oman. Ala ya Yemen mara nyingi inazunguka, ncha ikarudi kutazama juu. Ya Moroko ina masikio mawili ya kufungia kamba ya begani.

Halafu hizi pete za fedha zinazoshika mkanda, nazo ni za Oman. Wala si ajabu kulikuta huku. Sayyid Said alihamishia makao yake Unguja, Kilwa na Mikindani zikawa chini ya utawala huo, na majahazi yalikuwa yakienda na kurudi kwa pepo za kaskazi na kusi. Lakini msiseme basi ni la enzi zake. Mafundi wa Oman wanayatengeneza mpaka leo.

Umri sasa, na hapa ndipo hasira yangu ilipo. Mtu amelisugua hili kwa msasa! Ule weusi unaokaa ndani ya nakshi za fedha ndio ulikuwa ushahidi, ameufuta. Bahati nzuri hakufika huku nyuma. Tazama pete ilivyokula fedha mahali inaposuguana, tazama ubao wa mdomo wa ala ulivyolika upande mmoja tu, ule chuma kinapoingilia. Kuchakaa kwa kughushi hutapakaa kote sawasawa. Huku ni kuvaliwa, tena miaka mingi. Chuma sikiamini sana, maana chuma hubadilishwa, ala ikabaki ileile.

Na ukioneshwa riale, ile sarafu ya fedha, yenye mwaka 1780 ukaambiwa madini ya fedha ya jambia yametoka kwenye sarafu kama hiyo, kwa hiyo ni la zamani hivyo, usikimbilie kulipa. Riale za Maria Theresa ziliendelea kupigwa muda mrefu zikiwa na mwaka huohuo.

Bei? Alinunua laki sita, msimu wa korosho, watu wana hela mkononi. Nilitaka kusema kapigwa. Lakini kila nikiigeuza hii ala naona thamani ipo, ingawa kwa ule msasa mimi ningeanzia laki nne.

Wiki ijayo tunahamia kwenye milango ya Mikindani, bonyeza kengele. Na wewe mwenye jambia la babu ndani, tuma picha ya mdomo wa ala, nyuma ya ala, na chuma kikiwa juu yake. Usilisugue kwanza. Tafadhali sana, usilisugue.