R kwa majaribio ya mbolea: miteremko mingi, kianzio kimoja

Natumia programu ya R kuchambua majaribio ya mtama aina ya Macia hapa Dodoma. Kazi iliyonifanya niiamini ni ya kulinganisha mbolea tatu za naitrojeni kwenye shamba moja: urea, CAN (calcium ammonium nitrate) na SA (salfeti ya amonia). Ploti isiyotiwa mbolea ni ile ile kwa mbolea zote tatu, kwa hiyo kwenye grafu ya mavuno dhidi ya naitrojeni, mistari yote inapaswa kuanzia kwenye mavuno yale yale (kianzio), kisha kila mbolea ipande kwa mteremko wake.

Unaandika hivi tu (lm ni amri ya R ya kutafuta mstari ulionyooka unaolingana na data):

lm(mavuno ~ naitrojeni:mbolea)

Hiyo nukta mbili ndiyo yenye kazi. Unapata kianzio kimoja na miteremko mitatu, kila mmoja ukikuambia kilo ngapi za mtama zinaongezeka kwa kilo moja ya naitrojeni. Ukiweka kinyota (*) mahali pake, kila mbolea inapewa kianzio chake, kana kwamba urea kilo sifuri na CAN kilo sifuri ni vitu viwili. Shambani hilo halipo.

Nilichokipenda zaidi ni namna inavyozichukua ploti za sifuri. Ziandikie jina la mbolea yoyote kati ya hizo tatu, majibu hayabadiliki, maana sifuri mara chochote ni sifuri. Ila usiache nafasi ya jina bila kitu (NA), zitaachwa nje ya hesabu. Wala usizipe jina la nne kama "hakuna", utaletewa mteremko wa NA. Na kama mbolea zimeandikwa 1, 2, 3, zipitishe kwanza kwenye factor(), amri ya kuiambia R kuwa hayo ni majina ya makundi, la sivyo zitahesabiwa kama kiasi.

Geuza pia kilo za mfuko kuwa kilo za naitrojeni. Urea ina asilimia 46, SA ina 21. Bila hivyo urea itashinda kwa kukolea kwake tu. Kujua kama miteremko inatofautiana kweli, linganisha na lm(mavuno ~ naitrojeni), yenye mteremko mmoja kwa mbolea zote, kwa kutumia anova(), amri ya kupima kama tofauti kati ya modeli mbili ni ya kweli au ya bahati tu.

Lawama ninazo. Ujumbe wa makosa ni Kiingereza cha mkato, na anayeanza anahitaji mtu wa kukaa naye. Tena haikuonyi pale mstari ulionyooka usipofaa: kwa ukame wetu, maji yakipungua mtama hufika mahali ukaacha kuitikia naitrojeni. Chora grafu kwanza.

Ni ya bure, na ukishaipakua inafanya kazi bila bando. Afisa ugani wa Kongwa au Bahi mwenye kompyuta ya zamani, aipakue.