Dokta wa mifugo wa hapa Uyole, Mbeya, mbwa wetu kapona
Simba wetu alikaa siku mbili hagusi hata dagaa, kajikunja tu pembeni ya jiko la mkaa na baridi hii ya Juni mnaijua wenyewe, watoto ugali haushuki. Dokta alichelewa masaa mawili na simu hapokei, hapo alinikera kweli. Ila alivyofika kamfunua fizi, nyeupe pee, akasema hizi kupe, sindano hapo hapo na dawa ya kuogeshea. Chanjo ya kichaa kagoma, mpaka apone kwanza. Bei ya kawaida tu. Juzi narudi kazini nasikia mkia unagonga geti la bati pa pa pa, kanirukia na matope yote, shati jeupe kwisha habari, mama watoto kacheka mpaka kakaa chini.