Urea ya punje au ya vidonge: ipi inaufaa mpunga wako?

Masika yakikaribia, wakulima wa mpunga huku Malindi huanza kubishana: turushe mbolea ya urea ya punje kama tulivyozoea, au tujaribu hii ya vidonge?

Kirutubisho ni kilekile, naitrojeni asilimia 46. Tofauti ni namna ya kuiweka. Punje hurushwa kwa mkono mara mbili au tatu kwa msimu, na sehemu kubwa hupotea hewani au huchukuliwa na maji. Kidonge, chenye gramu 1 hadi 3, hudidimizwa kwa vidole sentimita 7 hadi 10 ndani ya tope, katikati ya mashina manne, mara moja tu, kama wiki moja baada ya kupandikiza. Kwa kutopoteza mbolea, kidonge kinashinda, tena mbali.

Kwa kazi, hapana. Kuinama shamba zima kunaumiza mgongo, na vibarua wanataka chao. Wazee wanaosita siwalaumu hata kidogo: punje wamezizoea, na kurusha ni kazi ya muda mfupi.

Kama unapandikiza kwa mistari, maji yanatulia shambani na una mikono ya kutosha nyumbani, vidonge vinakufaa. Anza na jaruba moja. Ukiwa unatawanya mbegu, au udongo wako ni wa kichanga unaopitisha maji haraka, baki na punje, ila zigawe kwa awamu na usirushe mvua kubwa ikiwa imetanda.