Seti ya ndege wa kupiga mabawa kwa raba: mnunue, ila raba ya kisandukuni itupe

Seti hii ya kuunda ndege mdogo wa mfano, anayepiga mabawa kwa nguvu ya raba iliyosokotwa, huuzwa mtandaoni kwenye kisanduku kisicho na jina la kiwanda. Ndani kuna vijiti vya balsa (mbao nyepesi sana), waya wa chuma wa milimita 0.8 uliokwisha kukunjwa, vijiti viwili vya kuunganisha, nailoni nyepesi ya mabawa, mkia na raba. Mabawa yakitandazwa ni sentimita 40. Gundi haimo, nunua supaglu. Mpango wake haujaenda mbali na ule wa Alphonse Pénaud wa Ufaransa, aliyerusha ndege wa raba mwaka 1874, na kwa klabu ya sayansi ya shule hatujaona njia rahisi zaidi ya kuonyesha bawa linavyosukuma hewa.

Kazi yote iko kwenye nailoni. Kijiti cha mbele ni kigumu, ukingo wa nyuma uko huru. Bawa likishuka, hewa huuinua ukingo wa nyuma, bawa hujipinda na hewa husukumwa nyuma. Likipanda, hujipinda upande wa pili. Maelekezo yanataka uivute nailoni hadi ikaze. Usifuate! Ikikazwa, mabawa yatapiga juu na chini na ndege hatakwenda popote. Ilegeze kiasi kwamba ukiisukuma kwa kidole katikati ya bawa, iinuke kama sentimita 2. Ikilegea kupita hapo itapepea tu, na ndege atashuka. Ikichanika, karatasi ya mkate inafaa kiraka, ingawa ni nzito kidogo.

Kasoro kubwa ni krenki, yaani ule waya uliokunjwa ambao raba huuzungusha ili mabawa yapige. Vijiti vyote viwili vya kuiunganisha na mabawa vimewekwa kwenye pini moja, yaani kikunjo kimoja cha waya, kwa hiyo bawa moja hutangulia na ndege huelemea upande mmoja hata ukinyoosha mkia namna gani. Chukua plaisi ya mdomo mwembamba uikunje upya, iwe na pini mbili zilizopishana kidogo. Zungusha polepole kwa kidole ukitazama kutoka mbele, urekebishe mpaka mabawa yote mawili yafike juu kwa wakati mmoja. Pima pia urefu wa vijiti hivyo; tofauti ya milimita moja tu inaonekana angani. Kabla ya kugundisha kitu chochote karibu na krenki, paka waya vaselini, maana supaglu hupenya kwenye tundu na kuugandisha.

Vaselini hiyo hiyo isiguse raba, kwa sababu mafuta ya petroli huivimbisha raba asilia na kuilegeza. Raba ilainishwe kwa gliserini ya duka la dawa na tone la sabuni ya maji. Ile ya kisandukuni hukatika mapema. Agiza utepe wa raba wa milimita 3 wa ndege za mfano. Wengi hukimbilia kukata tyubu kuukuu, lakini tyubu nyingi ni za butili, raba ya kutengenezwa kiwandani, ambayo humeza nguvu badala ya kuirudisha. Unapoisokota raba, ivute kwanza mara tatu ya urefu wake, kisha sogea karibu kadiri inavyokaza. Anza na mizunguko 80 na uongeze kidogo kidogo. Baada ya hapo ihifadhi kwenye mkebe, mbali na jua.

Mkia uinuliwe nyuzi kama 10. Akizamisha pua, uongeze. Akiinua pua na kusimama, uteremshe.

Jambo ambalo muuzaji halitaji ni mwinuko. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 17. Ndege wa uzito ule ule anahitaji mwendo zaidi kwa kama sehemu moja ya kumi ili asianguke. Kisumu, penye mita 1,130 hivi, nafuu ipo, lakini huko adui ni upepo wa ziwa wa alasiri. Mrushe asubuhi. Na popote ulipo, punguza gundi: matone ya ovyo ni uzito usiobeba chochote.

Usimtarajie aruke kama mwewe, ambaye hukunja bawa anapolipandisha. Hata kupinda bawa kwa mota, kama SmartBird ya kampuni ya Festo ya Ujerumani mwaka 2011, ni kazi ya kiwango kingine.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji picha ya krenki. Ikiwa ina pini mbili tayari, chukua hiyo hata kama bei imezidi kidogo.